Namna ya Kumtazama Steringi wa Kimarekani Pamoja na Vijana

Katika vibanda umiza (mabanda ya kuonyeshea filamu) vya Mtwara mjini, Masasi na Newala, hasa msimu wa korosho fedha zinapokuwa mkononi, kijana wa kiume hujifunza mapema kwamba steringi hafi, haogopi wala hamwombi mtu msamaha. Mzazi anayepiga marufuku filamu hizo hujichosha bure, kwa kuwa mtoto atazitazama kwenye simu ya mwenzake. Afadhali aketi naye na kumwonyesha jinsi mwanamume huyo alivyotengenezwa.

Tafuta filamu ya kwanza ya Rambo, ya mwaka 1982, iliyoigizwa na Sylvester Stallone. Jina hilo ni la kwetu kabisa: hata mifuko ya plastiki tuliyobebea sukari na dagaa tuliiita rambo, mpaka ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Vijana wasizidi sita au saba, kwani wakiwa wengi watashangilia tu. Kama inawezekana, tumia nakala isiyo na sauti ya mtafsiri, maana watafsiri wetu, pamoja na ufundi wao wote, humwongezea steringi majigambo ambayo mwenyewe hakuyatamka.

Jambo kubwa ni hili: asiinuke mtu milio ya risasi inapokoma. Kibandani huo ndio wakati wa kutafuta kandambili, na kwa sababu hiyo wengi wamemjua Rambo miaka nenda rudi bila kuuona mwisho wake. Askari huyo aliyerudi kutoka Vita vya Vietnam anakaa chini mbele ya mkuu wake wa zamani, Kanali Trautman, akilia kwa kwikwi. Anasimulia juu ya rafiki yake aliyelipuliwa na bomu lililofichwa ndani ya sanduku la kung'arishia viatu, na jinsi yeye mwenyewe, aliyekabidhiwa silaha za thamani kubwa vitani, alivyokosa hata kazi ya kuegesha magari nyumbani. Simamisha picha hapo, uulize kama huyu bado ni mwanamume, kisha unyamaze. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nyumbani kwangu Shangani, kijana mmoja alishikilia kwamba mkanda ulikuwa umebadilishwa.

Siku nyingine waonyeshe sehemu ya filamu ya pili, ya mwaka 1985. Sasa kifua kiko wazi, misuli inang'aa, na yule yule aliyekuwa akilia anarudishwa Vietnam kuwaokoa mateka wa Kimarekani. Eleza kwamba Marekani iliondoa majeshi yake huko mwaka 1973 na Saigon ikaanguka mwaka 1975, kisha waache wenyewe watafute ni nani aliyehitaji kuona vita vilivyolishinda taifa zima vikishindwa na mtu mmoja mwenye upinde. Usiwajibie.

Kwa wanaoanza kuvuta sigara, ongeza habari ya Marlboro, ambayo katika miaka ya 1920 ilitangazwa kuwa sigara laini ya wanawake, hadi miaka ya 1950 matangazo yalipoikabidhi kwa mchunga ng'ombe wa Kimarekani aliye juu ya farasi. Hawapendi kuisikia habari hiyo, nami huirudia kwa makusudi.

Jihadhari usiyafanye mazungumzo kuwa mashindano kati ya Rambo na jando. Mvulana aliyetoka jandoni naye ameambiwa ajikaze, na atakukumbusha hilo. Mpe nafasi aeleze nani alimwambia, na yeye alijisikiaje.

Dada zao wakitaka kuingia, waingie. Nilipowauliza wote ni mwanamke gani wanayemkumbuka katika filamu ya kwanza, wavulana walitazamana. Binti mmoja akasema ni yule wa mwanzoni, aliyekuwa akianika nguo. Tuliirudisha picha nyuma, na kweli alikuwapo.