Namna ya kuielewa kesi ya Brexit na mpaka wa Ireland: panda lori la soseji

Kila Brexit, yani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ikitajwa kwenye grupu lazima atokee mtu wa kuuliza hivi ule mpaka wa Ireland ulikuwa na shida gani hasa mpaka waziri mkuu mzima akang'oka, halafu fundi mmoja anamwaga maelezo marefu, bekstopu, protokali, kifungu cha 16, mwisho wote tunazima data tunalala. Mi nina njia yangu na haijawahi kunitupa. Achana na hotuba. Chukua lori moja la soseji limetoka kiwandani kisiwa kikuu cha Uingereza linavuka bahari kwenda Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, liweke kichwani, kisha kila mwanasiasa akileta pendekezo lake we uliza swali moja tu: hili lori litasimamishwa wapi likaguliwe?

Anza na ramani lakini usikae nayo sana. Kisiwa cha Ireland kiligawanywa 1921, ile kona ya kaskazini mashariki ikabaki Uingereza na ndo Ireland Kaskazini, kwingine kote leo ni Jamhuri ya Ireland, nchi huru na mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mpaka wenyewe una kama kilomita 500 na barabara zinazoukatiza ni zaidi ya 200, nyingine ni vinjia vya mashambani tu. Kuna kijiji kinaitwa Pettigo kimepasuliwa na kamto, ng'ambo huku Jamhuri, ng'ambo kule Uingereza, na ukivuka daraja hukuti geti wala askari wala mtu wa kukuuliza umebeba nini, utashtuka tu vibao vya spidi vimetoka kwenye kilomita vimeingia kwenye maili, na sanduku la posta lililokuwa la kijani sasa ni jekundu. Kama umezoea foleni ya malori ya Tunduma utadhani umepotea njia.

Sasa hapa usiruke, wengi wanaruka ndo maana hawaelewi kwanini watu walikomaa vile kwa ajili ya geti. Huo mpaka haukuwa hivyo zamani. Kwa miaka kama 30, kuanzia mwisho wa miaka ya 60, watu zaidi ya 3,500 waliuawa kwenye vita vya wanaotaka kubaki Uingereza na wanaotaka kisiwa kiwe kimoja, pamoja na jeshi la Uingereza katikati, na mpakani kulikuwa na minara ya wanajeshi, barabara ndogondogo zimefungwa, vituo vya forodha vinalipuliwa. Ukaguzi wa forodha uliisha 1993 soko la pamoja la Ulaya lilipoanza, na mkataba wa amani ukasainiwa Ijumaa Kuu tarehe 10 Aprili 1998. Utasikia watu wakiapa kwamba mkataba ule umepiga marufuku geti la forodha, hapana, soma mwenyewe, unaongelea kuondoa mitambo ya jeshi. Ila roho yake ndo hiyo: anayejihesabu Mwairishi aishi kama hakuna mpaka, anayejihesabu Mwingereza ajue yuko Uingereza, na wote wawili wanywe chai. Ilifanya kazi kwasababu nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya na lori halikuwa na sababu ya kusimama.

Ikaja kura ya maoni Juni 2016, asilimia 52 wakasema tutoke (Ireland Kaskazini yenyewe asilimia 56 walisema tubaki, hilo nalo liliwakaa watu kooni). Hapa ndo uandike pembeni ahadi tatu zilizotolewa: tunatoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha (nchi zinazotoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje), hatuweki geti nchi kavu, hatuweki geti baharini kati yetu na Ireland Kaskazini. Endesha lori lako sasa. Nyama imetoka nchi isiyofuata tena sheria za Ulaya, inaingia Belfast, na kutoka Belfast hadi Dublin, mji mkuu wa Jamhuri, ni mwendo wa saa mbili bila kizuizi. Lazima mtu aifungue mahali. Ahadi mbili zozote unaweza kuzitimiza, moja inayobaki inakufa, na ugomvi wote wa miaka ile ulikuwa ni nani aende kuizika.

Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alijikwaa mwenyewe 2017, aliitisha uchaguzi akapoteza wingi wa bunge ikabidi aegemee wabunge 10 wa DUP, chama cha wale wanaotaka kubaki Uingereza kule kaskazini. Tarehe 4 Desemba yuko Brussels anakula na Juncker, rais wa Kamisheni ya Ulaya, dili liko mezani, mara simu ya Arlene Foster wa DUP, hatukubali, na dili likaishia hapo hapo, wakaokoteza jingine siku nne baadaye. Jibu lake la mwisho lilikuwa ile bekstopu, yani kama hatujapata njia bora basi Uingereza nzima inabaki kwenye forodha moja na Ulaya. Uliza lori: halisimami popote kwa ushuru. Safi, ila ahadi ya kwanza ndo imekufa, na wenzake wakamgeuka. Bunge lilimpiga 432 kwa 202 Januari 2019, akarudi mara mbili tena, akapigwa tena, ndo akang'oka.

Katikati ya hayo kulikuwa na wale wa kamera na kompyuta, kwamba teknolojia itakagua bila geti. Hao ndo unawamaliza haraka kabisa kwa swali la lori. Kamera inasoma namba ya gari, haifungui friji kuangalia nyama.

Boris Johnson ndo darasa lenyewe. Novemba 2018 alikwenda kwenye mkutano wa DUP akawaambia hakuna serikali ya chama chake itakayokubali mpaka baharini. Oktoba 2019 akiwa waziri mkuu alikutana na Leo Varadkar, waziri mkuu wa Ireland, karibu na Liverpool, na wiki moja baadaye akakubali mpaka baharini. Matapishi yameliwa mchana kweupe. Kuanzia Januari 2021 lori lako linasimamishwa bandarini, Larne au Belfast, ndani ya nchi yake lenyewe, na kwa sheria za Ulaya soseji mbichi zilitakiwa zisiingie mpaka zigandishwe, ila katazo hilo likawa linaahirishwa. Magazeti yakaita vita vya soseji. Mzanzibari aliyewahi kushusha mzigo bandari ya Dar akadaiwa tofauti ya ushuru nadhani hapa ananielewa bila ramani. DUP walinuna wakatoka kwenye serikali ya Ireland Kaskazini Februari 2022 na Belfast ikakaa miaka miwili bila serikali yake.

Rishi Sunak, waziri mkuu wa Uingereza 2023, akaja na makubaliano ya Windsor: mzigo unaobaki Ireland Kaskazini unapita njia ya kijani kwa makaratasi machache, unaoelekea Jamhuri unapita nyekundu na ukaguzi kamili. Kwahiyo ukikuta pakiti ya soseji dukani Belfast geuza uone, imebandikwa maneno kwamba haiendi Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu mpaka wa baharini bado upo, wameupaka rangi tu, ila ni rangi ambayo watu wanaweza kuishi nayo, na Februari 2024 DUP walirudi kazini.

Tahadhari moja kwa mliopo huko, maana hii njia ya lori ni ya mizigo, usiitumie kwa binadamu. Uhuru wa kuvuka bila pasi ni wa raia wa Uingereza na wa Ireland, makubaliano yao ya toka miaka ya 1920, hayakuhusu Umoja wa Ulaya na hayakuhusu wewe. Una kibali cha kuishi Dublin na pasi ya Kenya au Tanzania, basi la Belfast litakuchukua na mpakani hutaona mtu, lakini kisheria umeingia Uingereza bila viza, na wakaguzi wa uhamiaji huwa wanapanda mabasi hayo bila kupiga hodi. Omba viza kwanza, ndo ukate tiketi.