Jinsi ya kushuti muvi ya nyimbo kwenye mashine ya kukoboa, simu tu inatosha

Kama umeicheki Dancer in the Dark, muvi ya dairekta Lars von Trier, ile ya mwaka 2000 iliyobeba Palme d'Or, tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Cannes, na mwanamuziki Björk akapewa mwigizaji bora wa kike, umeona nyimbo haziangukii tu kutoka juu. Selma, anayeigizwa na Björk, yuko kiwandani, macho yanamwishia, mashine zinagonga gonga, na yale makelele ndo yanageuka biti. Hapo ndo pa kuiba jamani, zile za wapenzi kukimbizana bustanini ziacheni kwanza.

Sasa huku Mbeya biti zimejaa bure. Tafuta mashine ya kukoboa, hapo Uyole au Mwanjelwa hukosi, ongea na mwenyewe kabla hujatoa simu, alafu rekodi SAUTI kwanza kabla ya picha yoyote, dakika tano hivi, simu isikae karibu sana na injini maana sauti inapasuka na ikishapasuka ni ngumu kuiokoa. Rekodi na debe, ungo, watu wakishusha magunia. Ukifika nyumbani kata kipande kimoja kinachojirudia vizuri, hicho ndo ngoma yako, wimbo utungwe juu yake na sio kinyume. Ukishamaliza kuurekodi wimbo ndo urudi kushuti, mashine izimwe, wimbo upige kwenye spika ili waimbaji midomo iende sawa.

Kamera nayo ina siri. Von Trier kwenye maongezi kamera iko mkononi inayumba, rangi zimefifia, ila wimbo ukianza rangi zinachangamka na kamera zinatulia, alitega mpaka 100 kwa mpigo! Wewe azima simu nne tano za washkaji, zifunge kwenye nguzo, moja juu ya magunia, zote ziwashwe pamoja na mtu apige kofi moja kubwa mbele yao, hilo kofi litakusaidia kuzilinganisha kwenye kuediti.

Wimbo usiuzime taratibu kama wa redioni. Kwenye stori, mashine ikizimwa na wimbo ukatike hapohapo, tuseme mhusika wako ni mama mwenye deni, amebaki na ungo wake na deni lake, mtazamaji atashtuka mwenyewe.

Ah na vitenge na khanga mbali na ule mkanda wa injini, kama kuna anayecheza karibu nao basi mashine iwe imezimwa kabisa.