Tazama kabla ya kubonyeza: kompyuta kwa anayeanza, kutoka aikoni hadi kibodi

Kila ninayemfundisha kompyuta hunijia na hofu ileile: "Nisije nikaiharibu." Miaka yote hii sijaona mtu aliyeua kompyuta kwa kubonyeza herufi. Ninachokiona karibu kila wiki ni mwanafunzi aliyeinamia vitufe, ameandika sentensi nzima kwa jasho, kisha anainua kichwa na kukuta skrini nyeupe, haina hata herufi moja. Alikuwa anaandikia dirisha, yaani kile kisanduku ambamo programu hufanyia kazi kwenye skrini, ambalo halikuwa mbele.

Kwa hiyo somo langu huanzia machoni. Kabla ya kugusa chochote, jiulize: dirisha gani liko mbele? Kistari kinachowaka na kuzimika kiko wapi? Kitu gani kimekolezwa rangi, yaani kimechaguliwa? Nitayarudia maswali haya mpaka uyachoke.

Mifano yangu ni ya Windows. Majina ya menyu nayaandika kama yalivyo kwenye skrini ili uyatambue ukiyaona.

Hatua ya 1: Washa na uingie

Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na ukiachie. Usikishikilie, kwa sababu ukikishikilia sekunde kadhaa wakati kompyuta inafanya kazi itazimika ghafla, na kazi ambayo hukuihifadhi itapotea. Kompyuta ikiomba nywila, andika taratibu. Utaona nukta tu, si herufi, ili aliye nyuma yako asiisome. Ikikataa nywila unayoijua vizuri, tazama kama taa ya Caps Lock inawaka. Herufi kubwa na ndogo kwenye nywila ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Kipanya

Kipanya, au mausi kama wengi wanavyokiita, kinasogeza kishale kwenye skrini. Cha kwanza kabisa, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English miaka ya 1960, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Cha leo kina viwili na gurudumu katikati. Kwenye laptopu kazi hiyo inafanywa na kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi.

Kitufe cha kushoto ukikibofya mara moja, unachagua. Ukibofya mara mbili harakaharaka, unafungua. Kitufe cha kulia kinaleta menyu ya mambo unayoweza kukifanyia kitu hicho. Gurudumu linapandisha na kushusha ukurasa.

Kubofya mara mbili ndiko kunakowatesa wengi, na sababu ni ndogo: mkono unacheza kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili, au mbofyo wa pili unachelewa. Ukichelewa huku kishale kiko juu ya jina la aikoni, yaani ile picha ndogo unayoibofya, kompyuta hudhani unataka kulibadilisha jina hilo, nalo linazungukwa na kisanduku. Usiandike kitu. Bonyeza Esc, mambo yatarudi kama yalivyokuwa. Mimi huwaambia wanaoanza waachane na mibofyo miwili kwa siku za kwanza: bofya aikoni mara moja, hakikisha imekolezwa, kisha bonyeza Enter. Itafunguka vilevile, na utakuwa umejizoeza kutazama kilichochaguliwa.

Hatua ya 3: Zisome aikoni

Ukishaingia unakuta uwanja mpana wenye picha ndogondogo. Uwanja huo ni eneokazi, wengine husema deskitopu, na picha hizo ni aikoni. Ule upau ulio chini unaonyesha programu zilizo wazi. Upau huo pamoja na kitufe cha Start vilianza na Windows 95, na mpaka leo ndiko mahali pa kwanza pa kutazama ukidhani dirisha lako limepotea. Mara nyingi halikufungwa, limejificha tu nyuma ya jingine. Bofya aikoni yake kwenye upau, litakuja mbele.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza kazi zao.

Aikoni zote zinafanana ukubwa lakini hazifanani asili. Tazama kona ya chini kushoto ya aikoni. Ukiona mshale mdogo, hiyo ni njia ya mkato. Ichukulie kama kibao cha mlangoni chenye jina la mwenye nyumba: ukiking'oa kibao, nyumba haibomoki. Ukifuta njia ya mkato ya programu, programu yenyewe inabaki ndani ya kompyuta. Aikoni isiyo na mshale, kwa mfano barua uliyoihifadhi hapo au folda yenye picha zako, ni nyumba yenyewe. Ukiifuta, umefuta kitu chenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyependa usafi. Akaona eneokazi limejaa, akafuta kila kitu. Njia za mkato hazikumuumiza, tulizirudisha kwa dakika chache. Ila katikati yake kulikuwa na folda ya kazi ya miezi miwili. Bahati yake ni kwamba vinavyofutwa kwenye eneokazi huenda kwanza Recycle Bin, yaani pipa la taka, na hukaa humo mpaka mtu alimwage au lijae. Tulilifungua pipa, tukabofya kitufe cha kulia juu ya folda, tukachagua Restore. Ikarudi palepale ilipokuwa.

Pipa hilo lina mipaka, na ni vizuri uijue kabla hujaumia. Faili ukilifuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa kawaida halipiti pipani. Ukibonyeza Shift pamoja na Delete, vilevile linaenda moja kwa moja. Kompyuta ikikuuliza kama una hakika ya kufuta kabisa, soma swali lote kabla ya kubonyeza Enter.

Na aikoni zote zikitoweka kwa mpigo? Bofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye eneokazi, nenda View, uone kama Show desktop icons ina alama ya vema. Ikiwa haina, ibofye.

Kwenye menyu hiyohiyo kuna Refresh. Wako watu wanaoibofya mara kumi kila wanapowasha kompyuta, wakiamini inaiongezea kasi. Inachofanya ni kuchora upya kinachoonekana tu. Kasi haiongezeki hata chembe.

Hatua ya 4: Tengeneza folda yako

Bofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye eneokazi. Chagua New, kisha Folder. Folda itatokea na jina lake likiwa limekolezwa rangi. Hiyo ni ishara kwamba kompyuta inasubiri uandike. Andika Mazoezi, bonyeza Enter. Ukikosea jina, bofya folda mara moja, bonyeza F2, andika upya.

Hatua ya 5: Kibodi

Mpangilio wa herufi unaouona, unaoanzia Q, W, E, R, T, Y, ulitoka kwenye mashine za kuchapa za Christopher Latham Sholes wa Marekani, miaka ya 1870. Alikuwa anakifikiria Kiingereza, na Mswahili anaihisi tofauti hiyo kwenye vidole. Q na X zimepewa vitufe vyao, nasi katika Kiswahili sanifu hatuna kazi nazo. C tunaitumia kwenye ch tu. Lakini A, ambayo kwetu imejaa kila mahali, imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kikichoka, ujue si uzembe wako.

Papasa F na J. Kila kimoja kina kinundu kidogo. Vidole vya shahada vinakaa hapo: cha kushoto juu ya F, cha kulia juu ya J, na vingine vinafuata mstari huohuo hadi A upande mmoja na L upande wa pili, kidole cha mwisho cha kulia kikiangukia kitufe kinachofuata. Vidole gumba vinabaki juu ya kile kitufe kirefu cha nafasi. Vinundu hivyo vimewekwa ili vidole virudi nyumbani bila macho kushuka.

Vitabu vingi vya kuchapa vimetungwa kwa Kiingereza, na mazoezi yake hayana maana kwetu. Nilitunga langu, ambalo herufi zake zote ziko kwenye mstari huo wa katikati:

kaka kalala, dada hajalala

G na H vinafikiwa na vidole vya shahada, na mkato uko mstari wa chini. Andika sentensi hiyo mara ishirini huku ukitazama skrini. Itakuwa polepole na yenye makosa. Endelea tu.

Sasa vitufe vinavyochanganya. Backspace inafuta herufi iliyo kushoto mwa kistari, Delete inafuta iliyo kulia. Shift unaishikilia kwa kidole kimoja huku ukibonyeza herufi kwa kingine, upate herufi kubwa moja. Kwenye kitufe chenye alama mbili, Shift inakupa ile ya juu. Caps Lock inafanya herufi zote ziwe kubwa mpaka uibonyeze tena, na siipendi. Kwa herufi moja mwanzoni mwa sentensi, Shift inatosha.

Enter inaanzisha aya mpya. Ukiandika barua usiibonyeze kila ukifika mwisho wa mstari, maana programu za kuandikia barua hushusha maneno zenyewe. Ukizoea kuibonyeza kila mstari, siku utakayobadilisha ukubwa wa herufi barua itakatika ovyo kama shairi lisilo na vina.

Kwa ng'ombe na ng'ambo utahitaji kile kialama cha juu. Kitafute upande wa kulia, kulia mwa kitufe cha nukta-mkato, karibu na Enter. Na alama ya @ ya barua pepe? Kwenye mpangilio wa Marekani ni Shift na 2, kwenye ule wa Uingereza ni Shift na kitufe hichohicho cha ng'ombe. Ukibonyeza penye picha ya @ ukapata alama za kunukuu, kibodi ni nzima. Kompyuta imewekewa mpangilio wa nchi moja na vitufe vimechapwa kwa mpangilio wa nchi nyingine. Ikiwa mipangilio yote miwili imo ndani ya kompyuta, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze kile cha nafasi ili kubadilisha.

Mambo mengine mawili hunifanya niitwe mbio. La kwanza: namba zilizo upande wa kulia wa kibodi hazitoki. Bonyeza Num Lock. La pili: kompyuta inalia, au mistari inaongezeka yenyewe. Hapo tazama kama daftari, kikombe au kiwiko kimelalia kitufe. Siku moja nilisafiri mji mzima kwenda kuondoa daftari.

Hatua ya 6: Andika, hifadhi, funga, fungua tena

Bonyeza kitufe cha Windows, kile chenye nembo ya dirisha. Bila kubofya popote, andika notepad, kisha Enter. Programu ya kuandikia itafunguka. Je, kistari kinawaka ndani yake? Kama hakikiwaki, bofya mara moja kwenye sehemu nyeupe. Andika mistari mitatu kuhusu lolote.

Shikilia Ctrl, bonyeza S mara moja, achia vyote. Dirisha la kuhifadhi litatokea, likiuliza mambo mawili: wapi, na kwa jina gani. Wengi hulijibu la jina wakalisahau la wapi, ndipo baadaye wanasema faili limepotea. Upande wa kushoto bofya Desktop, kisha fungua folda yako ya Mazoezi. Kwenye kisanduku cha jina andika maneno haya: barua ya kwanza. Bofya Save.

Sasa funga kwa ule msalaba ulio kona ya juu kulia. Rudi kwenye eneokazi: kitufe cha Windows pamoja na D kinaficha madirisha yote kwa mara moja. Fungua Mazoezi, fungua barua. Maneno yako yako hapo.

Siku utakapohamia programu kubwa ya kuandikia, huenda ukaona kila neno lako limepigiwa mstari mwekundu. Programu inakusahihisha kwa Kiingereza. Ipuuze, au badilisha lugha ya ukaguzi kwenye mipangilio.

Hatua ya 7: Njia za mkato za kibodi, chache tu

Usikariri orodha ndefu. Anza na Ctrl na Z, inayorudisha nyuma ulichofanya mwisho. Ukifuta aya nzima kwa bahati mbaya, ondoa mikono kwenye kibodi, vuta pumzi, kisha Ctrl na Z. Ctrl na C inanakili kilichochaguliwa, Ctrl na V inakibandika penye kistari. Ukiona Ctrl na V imebandika kitu kingine kabisa, ujue wakati wa kunakili hukuwa umekoleza chochote, na kompyuta ikabaki na cha zamani. Alt na Tab inakuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine. Hizo zinatosha mwezi wa kwanza.

Hatua ya 8: Jaribio

Fungua folda ya Mazoezi. Bofya barua ya kwanza mara moja, bonyeza Delete. Nenda kwenye pipa la taka, irudishe kwa Restore. Halafu ibadilishe jina kwa F2, iite barua ya pili. Kisha bofya Start, bofya alama ya kuzimia, chagua Shut down, usubiri mpaka skrini iwe nyeusi kabisa. Kesho washa tena uitafute barua hiyo peke yako, bila kumwita mtu.