Namna ya Kuelewa, Kufasiri na Kutumia Kivumishi "Commensurate"

Anayefasiri matangazo ya kazi mjini Kampala hawezi kukikwepa kivumishi hiki, kwani Kiingereza ndiyo lugha kuu ya ofisi nchini Uganda, na waajiri hupenda kukitumia wanapotaka kugusia mshahara bila kutaja kiasi chake. Tuchukue sentensi iliyozoeleka: "Remuneration will be commensurate with qualifications and experience."

Hatua ya kwanza ni kutambua vitu viwili vinavyopimwa. Asili ya neno ni Kilatini, ambamo "mensura" ni kipimo, na maana yake ni kwamba kitu kimoja kinakwenda kwa kadiri ya kingine. Hapa malipo yapo upande mmoja. Sifa na uzoefu viko upande wa pili.

Hatua ya pili ni kuchagua kitenzi cha Kiswahili, na hapa ndipo penye kazi. Wengi hukimbilia "kulingana", lakini kitenzi hicho kina utata: "malipo yanayolingana" huweza kueleweka kuwa malipo yaliyo sawa kwa wafanyakazi wote, ilhali "kulingana na" hutumika pia kwa maana ya "kwa mujibu wa". Mimi huchagua "kuwiana", kwa kuwa uwiano hueleza vitu vinavyofuatana kwa kadiri bila kudai kwamba viko sawa: "Malipo yatawiana na sifa na uzoefu wa mwajiriwa." Wapo wanaoandika "mshahara mnono". Hiyo si tafsiri, bali ni ahadi ambayo mwajiri hakuitoa, maana kwa sentensi hiyohiyo mwombaji asiye na uzoefu anaweza kulipwa kidogo. Mahakamani nako hali ni ileile: "a sentence commensurate with the gravity of the offence" ni adhabu inayowiana na uzito wa kosa, iwe kali au nafuu.

Hatua ya tatu ni kukitumia mwenyewe unapoandika Kiingereza. Katika barua ya maombi, kiweke baada ya nomino na ukifuatishe "with": "a salary commensurate with my experience". Kinaweza kutangulia nomino iwapo kitu cha pili kimekwisha kutajwa, kama katika "Our duties grew without a commensurate increase in pay", yaani majukumu yetu yaliongezeka bila malipo kupanda kwa kadiri hiyo. Usikitangulizie "very", na usikichanganye na "commensurable", ambalo ni neno la wanahisabati zaidi.

Ukiitwa kwenye usaili, angalia pia matamshi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hapa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwanzo: ko-MEN-shu-ret.