Somo: Kusimulia kwa macho ya wahusika wengi bila kumpoteza msomaji

Kabla ya kuongeza msimulizi wa pili, lichukue tukio zito kuliko yote katika hadithi yako uliandike mara mbili, kwa maneno 200 hivi kila mara, kupitia wahusika wawili. Kama andiko la pili halifichui lolote ambalo msimulizi wa kwanza asingeweza kulijua, baki na mmoja. Wanaoiruka hatua hii huishia na sura zinazorudia habari ileile.

Kisha chagua nafsi. Nafsi ya kwanza humfungia msomaji ndani ya kichwa kimoja. Nafsi ya tatu inayomfuata mhusika mmoja hukupa nafasi zaidi ya kuchezea lugha. Msimulizi maizi, yaani anayejua yote, huingia vichwa vyote, ila sauti yake isikike tangu ukurasa wa kwanza.

Hatua ya tatu ndiyo inayoangusha wengi: onyesho moja, mtazamo mmoja. Ukibadili, acha mstari mtupu au fungua sura, na mtaje mhusika mpya kwa jina katika sentensi ya kwanza. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa kuwa kiambishi a- hakitofautishi jinsia. "Alimtazama akajua amemkosea." Nani kamkosea nani? Rudisha jina, hata kama unaona umeshalitaja mno.

Angalia pia kuja na kwenda. "Rehema alikuja mlangoni" humweka msomaji pale mlangoni. "Rehema alienda mlangoni" humwacha chumbani. Huyu na yule, hapa na pale, hufanya kazi hiyohiyo. Kitenzi kimoja kikikosewa, mtazamo umeshahama bila wewe kujua.

Mwisho, chora jedwali lenye safu ya kila msimulizi: anawaitaje wenzake (mwanamke yuleyule ni "mama" kwa mmoja, "wifi" kwa mwingine), anajua nini kufikia sura hiyo, na maneno gani hawezi kuyatamka. Halafu futa majina, umpe mtu aya tatu za kila mmoja. Akishindwa kuwatenganisha, sauti zao bado ni moja.

Swali: Wasimulizi wangapi wanatosha?
Jibu: Anza na wawili. Ukizidisha, wote wawe wameshasikika kabla ya robo ya kwanza kwisha. Anayezuka mara moja tu karibu na mwisho huonekana kaletwa kuziba pengo.

Swali: Naweza kuchanganya nafsi ya kwanza na ya tatu?
Jibu: Ndiyo, mradi kila mhusika abaki na nafsi yake hadi mwisho.

Swali: Msimulizi wangu ndiye muuaji na anaficha. Je, namhadaa msomaji?
Jibu: Anaruhusiwa kukwepa, kuruka saa nzima, au kusema nusu ya jambo. Asiruhusiwe kujiuliza moyoni, akiwa peke yake, "Nani kafanya hivi?" Hapo anayedanganya ni mwandishi. Panda dalili mbili au tatu ambazo msomaji akirudi nyuma atazikuta zilikuwepo: saa isiyosimuliwa, swali alilolijibu kwa swali.