Somo: Je, uzime kipengele cha kuwasha haraka kwenye Windows?

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo atakayeliuliza tena ataelekezwa hapa.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kipengele hiki kikiwa kimewashwa, ukizima kompyuta programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi (programu zinazoendesha vifaa kama printa) huhifadhiwa katika faili la hiberfil.sys, kisha hurejeshwa kutoka humo unapowasha. Ukiwasha upya, kila kitu huanza mwanzo. Ndiyo maana printa iliyogoma hupona kwa kuwasha upya, ilhali kuzima na kuwasha hakukuisaidia.

Mwenye diski ya kuzunguka, asiye na Linux (mfumo mwingine wa uendeshaji) wala tatizo lolote, na akiache. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, faida yake ni ndogo. Mwenye mifumo miwili, Windows na Linux, kwenye kompyuta moja akizime.

1. Fungua Paneli Dhibiti, kisha mipangilio ya umeme.
2. Ingia panapochaguliwa kazi ya vitufe vya kuzimia.
3. Bofya kiungo cha kufungua mipangilio iliyofungwa, la sivyo kisanduku hubaki kijivu.
4. Ondoa alama ya tiki kwenye kisanduku cha kuwasha haraka, uhifadhi.
5. Zima kompyuta kikamilifu kabla ya kuingia Linux. Kuondoa tiki hakuzuii kuilaza kompyuta kwa kuhifadhi kumbukumbu kwenye diski, na ukiilaza hivyo sehemu ya diski yenye Windows hubaki imefungwa. Linux ikikupa ruhusa ya kusoma tu, usilazimishe kuandika: Windows itaamka ikiamini hali ya diski ni ile iliyoiacha, na mafaili yanaweza kuharibika. Rudi Windows, uizime vizuri.

MASWALI

— Nimekizima kipengele hiki lakini kompyuta bado inawaka polepole. Nifanyeje?
Ulitarajia nini? Kipengele hiki ndicho kilichokuwa kikiharakisha. Soma tena aya ya pili.

— Nitajuaje kwamba kompyuta ilizimwa kweli?
Swali zuri. Fungua Kidhibiti Kazi, kwenye utendaji wa prosesa, utazame muda ambao mfumo umekuwa hewani. Ikiwa umewasha sasa hivi na unasoma siku kadhaa, haikuzimwa. Ukitaka kuzima kikamilifu mara moja tu bila kugusa mipangilio, shikilia Shift unapobofya kuzima.

— Je, amri ya powercfg /h off inafanya kazi ileile?
Inafanya zaidi: huondoa hata uwezo wa kulaza kompyuta kwenye diski na kulifuta hiberfil.sys, jambo linaloachia gigabaiti kadhaa. Kwenye kompyuta ya mezani naipenda. Kwenye mpakato wenye betri chovu ningesita.

— Mbona kwenye BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows) nimekiona tena kipengele hiki?
Hicho ni kingine, chenye jina linalofanana: huruka baadhi ya ukaguzi wa vifaa kabla Windows haijaanza. Kuzima kimoja hakukigusi kingine.