Hesabu wapita njia jioni, upande wa kurudi nyumbani

Kabla ya kulipia fremu ya duka au kununua kiwanja cha maduka kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, simama hapo saa kumi na moja hadi saa moja jioni, siku ya kazi na Jumamosi, ukihesabu kando kando wanaopita upande wa bara na wanaopita upande wa bahari. Kwa kuwa magari nchini Kenya hushika kushoto, abiria wa matatu zinazotoka kisiwani Mombasa kupitia daraja la Nyali hushukia upande wa bara, na hao ndio wenye nafasi ya kununua mkate, dawa au unga. Abiria yule yule asubuhi, akiwa upande wa pili, anawahi kazini na hasimami. Hesabu pia waliobeba mifuko, maana umati usionunua haulipi kodi ya pango, na mimi naiamini idadi hiyo kuliko maneno ya dalali yeyote.

Kipimo hiki hakifai kwa biashara ambayo mteja huifuata makusudi, kama vifaa vya ujenzi, ambako nafasi ya lori kupakia ni muhimu zaidi. Usihesabu mwezi wa Ramadhani, kwa sababu saa za manunuzi hubadilika sana. Na hata hesabu ikipendeza, mwite mpimaji ardhi aliyesajiliwa athibitishe kwamba jengo halijaingia katika hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara.